Mama Hupanga au Hupangiwa?

Sisi tunaofundisha sarufi tuna mazoea ya kukiandika kitenzi ubaoni na kukinyambua. Mtu hupanga, kitu hupangwa, na yuko wa tatu ambaye hapangi wala hapangwi, bali hupangiwa. Kwa miaka mingi nilizitaja kauli hizi kana kwamba tofauti baina yake ni ya viambishi tu. Aliyenifunza vingine ni mama mmoja mchuma chai, karibu na Litein, Kericho.

Nilikuwa nimewazuru jamaa zangu, na mazungumzo kando ya njia yakaangukia uzazi. Nikamwuliza, kwa lugha ile ile ya mabango ya zahanati, iwapo yeye na mumewe wamepanga uzazi. Alicheka, akakiweka sawa kikapu mgongoni. "Sisi hatupangi, mwalimu. Sisi hupangiwa."

Mama huyu, mwenye watoto sita, hakuwa mjinga wa jambo hili. Alivijua vidonge, sindano ya miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi na hata kitanzi. Kilichomkosesha si maarifa.

Ikumbukwe kwamba serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka wa 1967. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hadi 3.4, na kwamba wanawake 57 katika kila 100 walioolewa hutumia mbinu za kisasa. Haya ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, wastani wa taifa haumwoni mama aliye mbele yetu.

Tuanze na uchumi. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kupanga foleni zahanati ni siku isiyo na kilo, na akiambiwa dawa zimekwisha, arudi juma lijalo, hasara huwa maradufu. Kwa wakulima wadogo, huko Bomet na Kericho, mke ndiye aghalabu anayepalilia, kuchuma na kupeleka majani kituoni. Lakini hati ya shamba, na usajili wa mkulima kiwandani, kwa kawaida huwa na jina la mume. Basi malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka huingia katika akaunti yake. Mama akitaka nauli ya kwenda zahanati sharti aeleze anakokwenda na sababu. Hivyo ombi la nauli hugeuka kuwa ombi la ruhusa.

Desturi nayo ina uzito wake. Miongoni mwa Wakipsigis, nyumba ilihitaji mwana wa kiume wa kuirithi, kiasi kwamba mama asiyejaliwa mvulana aliweza kumwoa mwanamke mwenziwe ili apatikane mrithi. Katika mazingira kama haya, mama wa mabinti wanne hawezi kusema amemaliza kuzaa, hata kama mwili wake umechoka. Si ajabu kwamba wako wanaochagua sindano, kwa kuwa haionekani.

Huenda msomaji akadhani kwamba ninawahimiza akina mama wazae wawili tu. La hasha! Hesabu hiyo si yangu. Mtaalamu anayemwamuru mama aache kuzaa na mavyaa anayemwamuru aendelee wanafanya jambo moja: wote wawili wanampangia. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi anayebeba kazi hiyo ndiye anayestahili kusikizwa kwanza.

Sheria tunazo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaja afya ya uzazi kuwa haki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaitambua kazi ya shambani kuwa mchango wa mwanandoa. Iliyobaki ni kuzitoa sheria hizi rafuni: jina la mke liandikwe kando ya la mume katika usajili wa chai, zahanati zifunguliwe Jumapili alasiri, baada ya ibada, na waume waitwe barazani wasikie mambo haya pamoja na wake zao.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Utafiti ule ule wa 2022 ulibaini kwamba wasichana 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamewahi kushika mimba. Msichana akiacha shule kwa sababu hiyo, aghalabu huishia kwenye kikapu kile kile cha mama yake. Tumtetee abaki darasani, na aliyezaa tumpokee arudi, maana mwenye elimu na shilingi yake mwenyewe hana haja ya kuomba nauli.

Siku hizi ninapokinyambua kitenzi panga ubaoni, huwauliza wanafunzi wangu swali ambalo halimo katika vitabu vya sarufi: nyumbani kwenu, nani hupanga, na nani hupangiwa? Darasa hunyamaza kwa muda mrefu.