MPWEKE ALIYESEMA KWA PATASI

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu aitazamapo picha iliyochapwa kwa wino huona weusi na weupe tu. Haoni mkono uliochonga, wala hajui ni huzuni gani iliyousukuma mkono huo. Ndivyo ilivyo kwa picha za marehemu John Ndevasia Muafangejo, mmoja wa wachapaji picha mashuhuri kabisa wa kusini mwa Afrika.

Muafangejo alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola, miongoni mwa Wakwanyama, watu ambao nchi yao ilikatwa vipande viwili na mpaka wa wakoloni. Baba yake alipofariki, mama alivuka mpaka huo akaenda kuishi kwenye misheni ya Kianglikana ya Epinga, Namibia, na kijana akamfuata. Wakati huo Namibia ilikuwa ikitawaliwa na Afrika Kusini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata nafasi ya kusoma sanaa Rorke's Drift, katika jimbo la Natal. Jina hilo si geni kwa askari wasomao historia ya vita. Hapo ndipo, tarehe 22 Januari 1879, askari wa Uingereza wapatao 150 walipokilinda kituo chao dhidi ya maelfu ya mashujaa wa Kizulu. Miaka mingi baadaye, mahali pale pa mikuki na bunduki palijengwa kituo cha sanaa cha Kanisa la Kilutheri, kilichoanzishwa na Peder na Ulla Gowenius, mke na mume kutoka Sweden. Siku zile za ubaguzi wa rangi, mahali ambapo Mwafrika wa Afrika Kusini angeweza kujifunza sanaa palikuwa pachache mno.

Kazi aliyoipenda Muafangejo ni kuchonga linoliamu, yaani ule mkeka mzito wa kutandikwa sakafuni, uliotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa vizibo, ukashikizwa juu ya kitambaa cha gunia. Ni laini kuliko mti, tena hauna nyuzi za kuupotosha mkono. Mchongaji huchora picha juu yake, kisha kwa patasi ndogo zenye makali yaliyopinda huondoa sehemu zote zitakazokuwa nyeupe. Baada ya hapo hupitisha rola yenye wino, huweka karatasi juu, na kuigandamiza kwa mtambo au hata kwa mgongo wa kijiko. Kilichobaki bila kuchongwa hutoka cheusi. Walakini patasi haina ufutio: kilichokwisha kuondolewa hakirudi tena.

Aidha, picha hutoka imegeuka, ya kulia ikawa kushoto. Hapana budi herufi zichongwe kinyumenyume ili zisomeke sawasawa. Ni kazi ya kuchosha, lakini Muafangejo hakuiepuka. Alijaza picha zake maneno ya Kiingereza: majina, tarehe na habari za yaliyotokea. Kiingereza chake hakikuwa cha vitabuni, naye hakukionea haya. Msomaji wa maneno yale husikia sauti ya mtu mwenyewe.

Haja ya kusema ilitokana na upweke. Mwanafunzi huyu alikuwa mbali sana na mama yake, kati ya watu wa lugha nyingine. Akiwa masomoni aliugua kwa huzuni hata ikambidi atibiwe hospitalini. Alipopona alirudi kwenye patasi zake, akahitimu mwaka 1969, kisha akaenda kufundisha katika shule ya misheni kaskazini mwa Namibia. Mwaka 1974 alirudi Rorke's Drift kama msanii, na mwaka huohuo akachonga picha aliyoiita Mtu Mpweke. Hakutafuta mambo ya mbali. Alichonga arusi za Wakwanyama, ng'ombe, maaskofu, habari za Biblia, na hata ndovu anayemwua simba kwa namna ya kuchekesha. Vita ya 1879 nayo aliichonga.

Mambo ya nchi yake pia hakuyafumbia macho. Mwaka 1973 kiwanda cha uchapaji cha Kanisa la Kilutheri huko Oniipa, kaskazini mwa Namibia, kililipuliwa. Kikajengwa upya, kikafunguliwa mwaka 1975, kisha kikalipuliwa tena mwaka 1980. Mchapaji huyu alichonga ufunguzi wake, na baada ya mlipuko wa pili akachonga kujengwa kwake tena. Mwaka 1984, vita ikiwa bado inaendelea, alitoa picha ya watu waliokumbatiana, akaipa jina la tumaini licha ya shida zilizopo.

Alifariki Windhoek mwezi Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 44. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990; yeye hakuuona. Picha zake, kwa kuwa zilichapwa nakala nyingi, zilikwisha kutawanyika katika nchi nyingi.

Nyumbani, watoto waweza kuonja kazi hii bila linoliamu. Kiazi mviringo kikatwe nusu, mtu mzima akishika kisu. Uso wake ukaushwe kwa kitambaa, uchongwe umbo rahisi, upakwe wino au rangi, kisha ugandamizwe juu ya karatasi. Mtoto na ajaribu kuchonga herufi ya kwanza ya jina lake. Ikitoka imegeuka asichekwe, bali apewe kiazi kingine. Na mtoto aliye mkimya, ambaye maneno humkwama kinywani, huyo ndiye apewe nafasi ya kwanza.