Ukishabeba Kombe, Njaa Bado Ipo?

Kuna nyumba moja Mwanga, pale Kigoma mjini, ambako usiku wa Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021 ugali na mgebuka vilipoa mezani bila mtu kuvigusa. Baba ni Simba. Mama ni Yanga, na si Yanga ya kufuata mkumbo, ni Yanga ya kurithi kwa baba yake mzazi. Siku hiyo fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, watani wa jadi wameletwa hadi mlangoni kwao, mwisho wa reli. Walitoka nyumbani pamoja. Kurudi, kila mtu alirudi na njia yake.

"Dada yangu, sikununa kwa sababu tulifungwa," mama mwenye nyumba aliniambia tulipokaa barazani, mikono ikichambua dagaa. "Kufungwa miaka ile nilishazoea. Nilinuna kwa sababu alinicheka mbele ya mawifi zangu."

Akalala chumba cha watoto wiki nzima. Majina yao nimeombwa niyaache, nami nayaacha.

Kwa msomaji ambaye mpira si ugonjwa wake, nikukumbushe kidogo. Yanga ilibaki pungufu kipindi cha kwanza baada ya Mukoko Tonombe kupewa kadi nyekundu. Ikabana, ikabana, mpaka zikiwa zimebaki kama dakika kumi kona ikachongwa na Taddeo Lwanga akaiweka kichwani. Moja bila. Simba, ambayo tayari ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo, ikaondoka Kigoma na kombe la pili la msimu.

Lakini wengi husahau kilichotangulia. Wiki tatu kabla, tarehe 3 Julai, Yanga iliifunga Simba bao 1-0 Uwanja wa Mkapa, mfungaji Zawadi Mauya. Kwa hiyo waliofika Kigoma ni mabingwa wenye kidonda. Hapo ndipo mjadala wa Ujiji unapoanzia.

Ukitaka kujua watu wa Ujiji wanafikiri nini, usiwaulize mchana. Subiri jioni, kahawa chungu ikishamiminwa vikombeni na kashata zikipita mkono kwa mkono. Na ukibahatika kwenda siku za mbalamwezi, utawakuta hadi wavuvi, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka sana kazi ya usiku inakuwa haina faida. Hizo ndizo siku ambazo vijiwe na vibanda umiza hujaa. Nilikaa pembeni, mwanamke peke yangu (mzee mmoja akanisogezea kigoda, "karibu mwanangu, hapa hatumbagui mtu ila Azam"), nikawasikiliza wakibishana swali moja tu: timu ikishashinda kila kitu, nini kinaifanya iendelee kukimbia?

Wa kwanza husema fedha. Wanataja "goli la Mama", zile shilingi milioni 5 ambazo Rais Samia alianza kuzitoa mwaka 2023 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika. Ni kweli, mfuko ukituna miguu inakuwa myepesi. Ila nami nina swali langu: mbona hakuna anayetoa milioni 5 kwa bao la ligi, jua kali, uwanja wa mikoani wenye nundu, na bado wapo wanaokimbia?

Wa pili husema kocha. Huyu hoja yake ilinyooka hadi walipoanza kuhesabu. Nasreddine Nabi alitwaa ligi na Yanga msimu wa 2021/22 bila kupoteza mchezo hata mmoja, akatwaa tena uliofuata, akaondoka. Fiston Mayele, aliyeifanya nchi nzima itetemeke, naye akaondoka mwaka huohuo wa 2023. Akaja Miguel Gamondi, ubingwa ukabaki palepale. Msimu wa 2024/25 Yanga ilipitia makocha watatu, na ubingwa wa nne mfululizo ukaja. Sasa hapo ni kocha?

Hoja iliyonikaa mimi ilitoka kwa kijana mmoja wa Kibirizi, kule mitumbwi inakoshushia samaki, aliyekuwa kimya muda wote. Alisema mshindi anayelala ni yule anayeamini amemaliza. Simba iliondoka Kigoma ikicheka, mwezi uliofuata ikawauza Clatous Chama na Luis Miquissone, nguzo zake mbili. Yanga iliondoka inalia, ikaenda kusajili: Mayele huyo kutoka Congo, Khalid Aucho, kipa Djigui Diarra. Tarehe 25 Septemba 2021, miezi miwili kamili baada ya kilio cha Lake Tanganyika, walikutana tena kwenye Ngao ya Jamii. Mayele akafunga, 1-0. Kuanzia hapo ligi ikabadilisha makazi kwa misimu minne.

Na wala usidhani Yanga yenyewe haikuwahi kusinzia. Ilikaa michezo 49 ya ligi bila kufungwa, ikaja kuzuiwa na Ihefu Novemba 2022. Novemba 2024 ikachapwa 3-1 na Tabora United, siku chache tu baada ya kufungwa na Azam, na Gamondi akaonyeshwa mlango. Wazee wa Ujiji husema zile zilikuwa kofi za kuamshia.

Kigoma yenyewe ina timu inayojua kazi ya kuamsha wakubwa. Mashujaa, timu ya jeshi, ilikuwa bado haijafika Ligi Kuu ilipokwenda Dar es Salaam Desemba 2018 na kuitoa Simba, bingwa wa nchi, 3-2. Ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 ikaitoa Simba tena kwenye kombe hilohilo, safari hii nyumbani, kwa penalti. Bingwa anaiona mechi hiyo ni ya kupita njia. Mwenzake anaiona ndiyo maisha yake yote.

Halafu hapa Kigoma kuna mtoto wao wanayemtaja kila mjadala ukifika shingoni: Juma Kaseja. Mwaka 2003, kijana mdogo kabisa, alisimama golini Simba ilipomvua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti, tena Misri kwao. Septemba 2019, miaka 16 baadaye, wengine wa rika lake wakiwa wameshaota vitambi, alikuwa golini tena Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Warundi walipiga tatu, hakuna iliyoingia. Mtu wa namna hiyo huwezi kuniambia anasukumwa na posho peke yake.

Nilirudi Mwanga na maneno ya yule kijana wa Kibirizi nikamsimulia mama. Akaacha dagaa zake, akacheka, kicheko kisicho na furaha sana.

"Basi ndiye mume wangu huyo. Alipokuwa ananitafuta, alikuwa ananiletea kuhe mzima nyumbani, anamkabidhi mama, anaamkia hadi paka. Tulipooana, kuhe akaisha. Nikimuuliza, anasema, si nimeshakuoa?"

Nikamuuliza kama siku ile ya fainali ndiyo ilikuwa tatizo kweli. Akakaa kidogo. Akasema hapana, siku ile ilikuwa kona tu, bao lilikuwa limeshaandaliwa siku nyingi. Wiki ile chumba cha watoto alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye begi, anangoja siku ya basi. Kilichomrudisha si msamaha wa maneno. Mume alikwenda Kibirizi alfajiri bila kuagizwa, akarudi na kuhe, akamwosha mwenyewe, akaomba kisu.

Baba mwenyewe, nilipompata, alikuwa mfupi wa maneno kama wanaume wengi wa Simba miaka hii. "Nililala, shemeji," alisema. "Ni kama timu yangu tu."

Ila mama naye si malaika. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilipoipiga Simba 5-1, maneno yote aliyoyatunza miaka miwili yalikuwa yamejaa mdomoni. Hakusema hata moja. Jioni alimpakulia mumewe vipande vitano vya samaki, yeye akajiwekea kimoja, akakaa anamtazama. Watoto ndio walioelewa kwanza, wakaangua kicheko, na baba ikabidi acheke nao, akala vyote vitano.

Juni 25, 2025, Yanga ilipomaliza ligi kwa kumfunga mtani 2-0, walitazama wote wawili sebuleni. Filimbi ya mwisho ilipolia, baba alizima televisheni, akageukia jikoni na kuuliza, "Mama watoto, leo ni vipande viwili au unaniongezea?"