Vidonda vya Tumbo: Matunda ni Chakula, Dawa ni Dawa

Leo tuzungumze juu ya vidonda vya tumbo. Sokoni kuna unga na dawa za chupa zinazosifiwa kuponya vidonda kwa sababu zina "antioksidanti". Je, ni kweli?

Antioksidanti ni viini vinavyosaidia kulinda mwili usiharibiwe. Vitamini C ni mojawapo. Huna haja ya kuvinunua kwenye chupa, kwani vimo katika mapera, machungwa, majani ya kunde, sukuma wiki, na matunda ya porini kama edome. Kula, na uwape watoto.

Lakini viini hivi havijathibitishwa kuponya vidonda. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayeishi tumboni, Helikobakta pailori. Baadaye ilithibitishwa kwamba huyu ndiye chanzo cha vidonda vingi, wala si pilipili au mawazo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine ni kumeza mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki.

Kwa hivyo, tumbo likikuchoma mara kwa mara, nenda ukapimwe. Bakteria akipatikana, utapewa dawa za kumuua pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Zimalize zote, hata ukipata nafuu siku ya tano. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu; hayaponyi.

Usingoje ukiona dalili hizi:
- kutapika damu, au matapishi kama kahawa;
- choo cheusi kama lami;
- maumivu makali ya ghafla;
- kizunguzungu na kuishiwa nguvu.

Hapo kidonda huenda kinavuja damu. Kimbia hospitali usiku huo huo. Mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, kwa hivyo mwambie muuguzi unavitumia.

Mtoto akilia tumbo, usimpe dawa ya mtu mzima. Mlete kliniki.

Kumbuka, mama: pesa ya chupa ya sokoni yaweza kukusaidia kwa nauli ya kwenda kupimwa. Nawa mikono kwa sabuni, kunywa maji safi. Kwaheri hadi kipindi kijacho.