Nahodha Anapohamia Nchi Kavu

Maafisa wa meli za biashara hawana kijiji wala kabila. Mhindi wa Mumbai, Mfilipino wa Manila na kijana wa Kikenya aliyesomea Mombasa hukutana melini hawajuani, na kabla jua halijazama kila mmoja anajua atakaa wapi mezani, atamwamsha nani usiku na atamjibu nani. Kinachowafanya jamii moja ni desturi, na desturi kuu ni ya zamu.

Katika meli nyingi afisa wa tatu hushika zamu ya saa mbili hadi saa sita, wa pili saa sita hadi saa kumi, na afisa mkuu saa kumi hadi saa mbili, mchana na usiku. Anayeingia usiku hufika mapema, husimama mpaka macho yazoee giza, ndipo apokee. Anayetoka hamkabidhi mwenzake aliyelewa au aliye mgonjwa, humwita nahodha. Na meli ikiwa inakwepa chombo kingine, makabidhiano husubiri. Haya yamo katika mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia, STCW, wa 1978, lakini kadeti, yaani afisa mwanafunzi, huyashika zaidi kwa kumtazama mkubwa wake akiyatenda.

Ngazi nazo hupandwa kwa utumishi. Kadeti aliye katika mafunzo rasmi huhitaji angalau miezi 12 baharini kabla ya cheti cha kwanza cha uafisa, na anayetaka unahodha wa meli kubwa huongeza miaka mingine ya kushika zamu. Jina la baba halipunguzi hata mwezi mmoja.

Halafu nyumbani kunaanza kuita. Mtoto ametambaa, akasimama, akatembea, baba yuko Singapore. Mazishi yamepita, harusi imepita. Hapo ndipo wengi huhamia nchi kavu: wengine huwa marubani wa bandari, wakaguzi au wakufunzi, wengine huingia ofisi za kampuni kusimamia matengenezo, mafuta, bajeti na ajira za mabaharia.

Watu wa nje huona aliyehama amestarehe. Ukweli ni kwamba hapo ndipo desturi humkaba zaidi, kwa kuwa aliyezoea kuamuru sasa lazima awatumikie wanaoamuru. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria za kimataifa zinasema hivyo hivyo: mwenye meli hana ruhusa ya kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona wa lazima kwa usalama. Meneja mwenye miaka 20 ya bahari hubaki mshauri tu wa kijana aliye usukanini, kwani kijana ndiye anayeliona wimbi.

Ofisi ikisahau hilo, watu hufa. Machi 1987 feri Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi, ikapinduka, wakafa watu 193. Kabla ya hapo manahodha wa kampuni walikuwa wameomba taa za kuwaonyesha kama milango imefungwa. Wakubwa wa nchi kavu wakalipuuza ombi lao. Kutokana na msiba ule ulizaliwa mfumo wa kimataifa wa usimamizi wa usalama, ISM, ulioanza kuwa wa lazima mwaka 1998, unaoitaka kampuni iteue mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja ya kuwafikia viongozi wa juu kabisa, ili sauti ya melini isikwame njiani.

Kiti hicho kinamfaa aliyewahi kushika zamu ya usiku wa manane. Kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam, tunaposomesha maafisa, tuwaandae pia kwa ofisi: wajue hesabu na mikataba, na wajue kusikiliza. Baharia aliyehamia nchi kavu apimwe kwa jambo moja: nahodha akipiga simu saa tisa usiku kuomba msaada, anapokea, anaamini, anatenda.