Nusu marathoni: Mapafu ya mlimani pekee hayatoshi

KIJANA aliyezaliwa Kibomet, viungani mwa mji wa Kitale, hukua akiambiwa kwamba mbio zimo damuni mwake. Akitazama magharibi anauona Mlima Elgon. Akiifuata barabara kuu ielekeayo kaskazini anafika Pokot Magharibi, alikozaliwa Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda mbio za New York City Marathon, mnamo 1994, na aliyetawazwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, kuanzia 1997 hadi 1999.

Upande wa pili wa Mlima Elgon, nchini Uganda, ndiko alikotoka Jacob Kiplimo, aliyetwaa taji la dunia la mbio hizo mwaka wa 2020 nchini Poland.

Kwa kuzungukwa na majina kama hayo, si vigumu kwa mwalimu, mkulima wa mahindi au mwendeshaji wa bodaboda kuamini kwamba atakimbia kilomita 21 baada ya mazoezi ya wiki mbili tu. Imani hiyo ndiyo huwaangusha wengi. Kilomita 10 za kwanza hupita vyema, pumzi zikiwa tele. Kuanzia kilomita ya 15 magoti hulegea, mapaja hukaza, na mtu aliyeanza kwa mbwembwe humalizia akichechemea kando ya barabara.

Sababu yake inaeleweka. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na anayeishi huko kwa muda mrefu hupata damu yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba oksijeni. Hiyo ni faida ya moyo, damu na mapafu. Miguu haipati faida hiyo.

Mazoezi yakianza, pumzi huimarika katika wiki chache. Kano za kisigino, viungo vya magoti na mifupa ya muundi huchukua miezi kukomaa. Kwa hivyo, mkazi wa nyanda za juu yumo katika hatari ya kipekee: mapafu humruhusu kukimbia umbali ambao miguu yake bado haiwezi kuuhimili. Wengi wanaoumia wakati wa matayarisho huumia kwa kuongeza umbali upesi mno, si kwa kukosa kipaji.

Wiki 12 za matayarisho

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Kwa mtu mwenye afya ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, wiki 12 hutosha. Asiyeweza yafaa ajipe mwezi mmoja zaidi wa kutembea kwa kasi na kukimbia kwa kupokezana.

Katika wiki nne za kwanza, siku tatu za mazoezi kwa wiki zatosha. Mbili kati yazo ziwe za dakika 30 hadi 45, na ya tatu iwe ya mbio ndefu za kilomita 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, siku ya nne huongezwa na mbio ndefu hufika kilomita 15. Katika wiki ya tisa na ya kumi, mbio hizo hufika kilomita 16 hadi 18. Si lazima kumaliza kilomita 21 mazoezini.

Kanuni inayotumiwa na wakufunzi wengi ni kutoongeza jumla ya umbali wa wiki kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, na kila baada ya wiki tatu kupunguza kidogo ili mwili upate nafuu. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza mazoezi. Anayejaribu kufidia siku alizokosa katika kipindi hicho hujichosha bure, kwani mwili hauwezi tena kufaidika kabla ya siku ya mashindano.

Mwendo wa siku nyingi uwe wa pole. Kipimo chake ni rahisi: mkimbiaji aweze kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Siku moja tu kwa wiki ndiyo ya kasi au ya kupanda vilima.

Barabara na miinuko

Njia za udongo zinazopita kati ya mashamba ya mahindi huwa laini kwa miguu kuliko lami. Hata hivyo, mbio zenyewe zikiwa za lami, sehemu ya mazoezi haina budi kufanyiwa huko ili miguu izoee ugumu wake. Trans Nzoia hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi mwishoni mwa mwaka, na utelezi hugeuza njia nyingi za udongo kuwa hatari kwa vifundo vya miguu.

Barabara kuu nazo zina hatari yake. Malori, matatu na bodaboda hupita kwa kasi alfajiri, saa ambayo wakimbiaji wengi wamo njiani. Kwa kuwa magari nchini Kenya huenda upande wa kushoto, mkimbiaji akae kulia ili ayaone yanayomjia. Avae nguo nyeupe au zinazong'aa, na asizibe masikio kwa muziki.

Anayetoka Bungoma, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, atahisi tofauti akishindana Kitale. Hana budi kuanza kwa mwendo wa chini kuliko aliouzoea nyumbani. Anayeteremka kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa ili kushindana Bungoma atafurahia hewa nzito, lakini asidharau joto wala miteremko. Kuteremka kwa kasi huumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, na maumivu yake hujitokeza kilomita za mwisho.

Chakula, viatu na afya

Mkimbiaji wa eneo hili hahitaji vyakula vya kununuliwa ng'ambo. Ugali, viazi vitamu, ndizi na uji wa wimbi humpa wanga. Maharagwe, maziwa na mayai hujenga misuli. Akiba ya wanga mwilini huweza kupungua sana mbio zikikaribia saa mbili, ndiyo sababu chakula cha jioni ya kuamkia mashindano ni muhimu. Asubuhi, kiamsha kinywa chepesi saa mbili au tatu kabla ya kuanza chatosha. Maji yanywewe kwa kiasi, kulingana na kiu.

Viatu si lazima viwe vipya. Vingi huuzwa mitumba kwa bei nafuu, mradi soli isiwe imeisha upande mmoja na vidole visibanwe. Kosa kubwa ni kuvaa kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Mwenye homa asikimbie. Malaria ingali tishio magharibi mwa Kenya, na kuuchosha mwili unaopambana nayo ni kuhatarisha maisha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai mazoezini ni ishara za kumwona daktari mara moja. Vilevile, kumeza dawa za kupunguza maumivu kabla ya mbio kunaweza kudhuru figo, hasa mwili unapokosa maji.

Aidha, vijana wanaotarajia zawadi za fedha wajiepushe na sindano na vidonge vinavyodaiwa kuongeza nguvu. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayoharamisha matumizi ya dawa hizo michezoni.

Hesabu ya siku yenyewe

Anayenuia kumaliza kwa saa mbili anahitaji kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41, na kupita kilomita ya tano baada ya dakika 28 na nusu hivi. Akiipita kwa dakika 24, ajue amekopa nguvu atakazolipa kwa riba. Moses Tanui, mtu wa kwanza kukamilisha nusu marathoni chini ya saa moja, alipotumia dakika 59 na sekunde 47 mjini Milan mwaka wa 1993, alikuwa na wastani wa dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Mkimbiaji wa kawaida anayejaribu kumfuata bingwa kwa kilomita moja tu huharibu 20 zilizosalia.

Si kila mshiriki huenda kutafuta ushindi. Novemba 2006, wapiganaji wapatao 2,000 kutoka jamii sita za wafugaji walikimbia pamoja mjini Kapenguria katika mbio za amani zilizoandaliwa na wakfu ulioanzishwa na Loroupe mwaka wa 2003. Wengi wao walifika mwisho bila zawadi, ila walifika wakiwa bega kwa bega na watu waliokuwa mahasimu wao.

Kwa anayekimbia mara ya kwanza kutoka Kibomet, lengo lifaalo ni kufika mwisho akiwa mzima na akiwa na nguvu za kurudi mazoezini wiki inayofuata. Mwenda pole hajikwai.