Uwajibikaji katika Serikali za Vijiji na Miradi Yake: Mafunzo kutoka Moshi

Uwajibikaji si jambo geni katika mitelemko ya Mlima Kilimanjaro. Kabla ya kuwapo halmashauri na vyama vya ushirika, Wachagga walichimba mifereji ya kufikisha maji ya mito kwenye vihamba vyao vya migomba. Kila mfereji ulikuwa na msimamizi, kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji, na asiyefika siku ya kuuzibua alitozwa faini. Msimamizi naye hakuweza kuficha upendeleo, kwa kuwa shamba lililonyimwa maji lilionekana na kila mpita njia.

Fedha hazionekani kwa urahisi kama maji. Kwa sababu hiyo, hapana budi kuwapo na utaratibu wa kuziweka mbele ya wenye mali.

Historia ya Moshi inaonyesha jinsi utaratibu huo unavyoweza kukatika. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, na mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchini, KNCU kikiwamo. Kazi ya kukusanya kahawa ikahamia kwa vijiji. Mkulima aliyekuwa na kura ya kumwondoa kiongozi wa chama chake akabaki mpeleka mazao tu. Sheria za mwaka 1982 ndizo zilizofungua njia ya kurejeshwa kwa ushirika na kwa serikali za mitaa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mamlaka ya juu kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo huchagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na unao uwezo wa kuiondoa. Aidha, unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya shughuli zake. Kwa hiyo kusoma hesabu mbele ya wananchi si hisani ya mwenyekiti wala ya afisa mtendaji, bali ni wajibu.

Hata hivyo, hesabu iliyosomwa haina budi kueleweka. Kwa mfano, mashine ya kusaga ya kijiji ikisaga debe 40 kwa siku kwa shilingi 1,000 kila debe, mapato ya siku 26 za kazi ni shilingi 1,040,000. Ikiwa mafuta, ujira wa msagaji na matengenezo vimegharimu shilingi 800,000, ziada ni shilingi 240,000. Mwananchi anayo haki ya kuuliza maswali matatu: Je, idadi ya debe katika daftari inalingana na stakabadhi zilizotolewa? Je, ziada imepelekwa benki? Na je, ipo akiba ya kununulia injini nyingine hii itakapochakaa? Mradi unaoonekana kuwa na faida lakini hauna akiba hufa siku mashine inapoharibika, na akina mama hurudi kubeba mahindi hadi kijiji cha jirani.

Watumishi wa Halmashauri ya Wilaya nao wanahusika. Ukaguzi wa vitabu vya kijiji hauna budi kufanyika kabla ya malalamiko, na matokeo yake yarudishwe kwa wanakijiji kwa lugha wanayoielewa. Halmashauri yenyewe hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, COASCO. Lakini mkaguzi huja baada ya fedha kutumika. Mwanakijiji yupo kila siku.

Ni dhahiri kwamba ufanisi haupimwi kwa idadi ya miradi iliyozinduliwa. Hupimwa kwa maji yanayotoka bombani, kwa mashine inayosaga na kwa bei inayomfikia mkulima. Hivyo basi, viongozi wa vijiji wanakumbushwa kuitisha mikutano kwa wakati na kubandika taarifa za fedha mahali pa wazi. Wananchi nao wanahimizwa kuhudhuria na kuuliza. Mkutano usiohudhuriwa ni sawa na mfereji usiozibuliwa: maji hupotelea njiani, na wa chini hukosa.