Bada, Sumu ya Muhogo na Moto wa Seli

Katika mwambao wa Kilwa na Lindi, ambako muhogo huchemshwa, huchomwa, au husagwa na kusongwa ugali uitwao bada, sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia mvuvi anayevuta jarife au mkulima anayepalilia shamba hutokana na wanga uliohifadhiwa katika mizizi ya mmea huo. Wanga huo, hata hivyo, haujawa nguvu mpaka upite kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe hai bila zenyewe kuisha. Ajabu ya muhogo ni kwamba nao una kimeng'enya chake kinachoweza kuzalisha sumu, na sumu hiyo hukikamata kimeng'enya kile kile kinachohitimisha kazi ya kutengeneza nguvu katika seli ya binadamu.

Mtu akitafuna wanga kwa muda bila kumeza, utamu huongezeka kinywani, kwa sababu amilasi, kimeng'enya kilichomo katika mate, huanza kuukata wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa glukosi, kuwa sukari fupi fupi. Kazi hiyo humalizika katika utumbo mwembamba, na glukosi husafirishwa na damu hadi kwenye seli. Huko vimeng'enya kumi hupokezana, kila kimoja kikifanya badiliko lake tu, mpaka glukosi yenye kaboni sita igawanyike kuwa piruvati mbili zenye kaboni tatu kila moja. Faida inayobaki katika hatua hii ni ATP mbili tu. ATP, au adenosini trifosfati, ni molekuli ndogo inayobeba nguvu na kuikabidhi palipo na kazi, iwe ni msuli unaokaza au neva inayopeleka taarifa. Akiba yake mwilini ni ndogo sana, lakini kwa kuwa huvunjwa na kuundwa upya bila kukoma, jumla ya ATP inayotengenezwa kwa siku moja hukaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Nguvu nyingi zaidi hutoka katika mitokondria, vyumba vidogo ndani ya seli ambamo mabaki ya glukosi huchambuliwa hadi kuwa kaboni dayoksaidi, na elektroni zake hupitishwa katika safu ya protini zilizopangwa kwenye utando wa ndani. Elektroni zinaposhuka kutoka protini moja hadi nyingine, nguvu zinayoiachia husukuma protoni upande wa pili wa utando, zikarundikana huko kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa. Kisha protoni hizo hurudi kwa kupitia mtambo wa protini unaozunguka zaidi ya mara mia moja kwa sekunde na kuunda ATP. Mwingereza Peter Mitchell alipolieleza wazo hili mwaka 1961 wengi walilikataa, lakini mwaka 1978 lilimpatia Tuzo ya Nobeli. Mwishoni mwa safu hiyo hukaa sitokromu oksidasi, kimeng'enya chenye madini ya chuma na shaba, ambacho hukabidhi elektroni kwa oksijeni na kufanya maji. Hiyo ndiyo sababu ya binadamu kupumua. Kwa njia hii glukosi moja hutoa ATP takribani 30, na nguvu ambayo kuni ingeitoa kwa mkupuo ikawa joto tupu, seli huichota kidogo kidogo.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, hapakuwa na mtu mwambaoni aliyewahi kuuona muhogo, kwa kuwa asili yake ni Amerika ya Kusini na Wareno walianza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Mmea ulipofika ulidai maarifa mapya, hasa muhogo mchungu. Seli za muhogo huhifadhi kemikali iitwayo linamarini katika vifuko vyake vya ndani, na kimeng'enya linamarasi hukaa kando, kwenye kuta za seli. Mzizi ukiwa mzima viwili hivi havikutani; ukikwanguliwa, ukitwangwa au ukitafunwa na mnyama, kuta hupasuka, linamarasi huikata linamarini, na baada ya hatua moja zaidi sumu iitwayo sianidi hutoka. Kwa kuwa sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, hewa ya mwambao huipeperusha kwa urahisi, mradi imekwisha kuachiliwa. Tatizo la makopa liko hapo: muhogo uliomenywa, ukapasuliwa vipande vinene na kuanikwa juani, hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, kwani linamarasi huhitaji maji, na linamarini iliyosalia huingia katika unga.

Ndani ya mwili, sianidi hushikamana na chuma cha sitokromu oksidasi, mahali ambapo oksijeni ingekaa. Damu huendelea kuleta oksijeni lakini hakuna wa kuipokea, protoni huacha kusukumwa, na seli hubaki na ATP mbili zile za mwanzo. Dozi ndogo huondolewa na kimeng'enya kingine, rodanasi, kinachoiunganisha sianidi na salfa na kuifanya kitu chepesi kutolewa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka katika protini, na kwa hiyo bada linaloliwa kwa samaki au dagaa lina kinga ambayo bada tupu halina.

Mahali ambapo ukame umeongeza uchungu wa muhogo na kitoweo kimekosekana, wiki kadhaa za mlo wa namna hiyo zimeleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, hasa kwa watoto na wanawake. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 waliupata katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1985 ulizuka Tarime nchini Tanzania, na baadaye ukaonekana Mtwara, jirani ya Lindi. Ni uchungu kufikiri kwamba watoto hao walilemazwa na chakula kilichowaokoa na njaa.

Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia isiyohitaji chombo kipya, nayo ilifundishwa pia katika vijiji vya kusini mwa Tanzania vilivyoathiriwa. Unga wa muhogo hukorogwa na maji mpaka ulowe, hutandazwa juu ya jamvi kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha huachwa kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, na husongwa siku hiyo hiyo. Linamarasi iliyokatishwa na ukavu bado imo ndani ya unga. Ikipata maji huamka, huikata linamarini iliyobaki, na sianidi huondoka na upepo kabla sufuria haijabandikwa.